Upande wa Nje wa Mlingoti: Nilivyofunzwa Kusikiliza Thiruvarur

Asubuhi yangu ya kwanza Thiruvarur, kusini mwa India, niliamshwa na zumari. Nilikuwa nimefika usiku kwa basi kutoka Tiruchirappalli, nimechoka, na sikujua kwamba chumba nilichopangishwa kilikuwa mtaa wa pili kutoka hekalu kuu la mji. Kabla ya jua kuchomoza ilinijia sauti nzito iliyojaa pumzi, yenye mkwaruzo kidogo kila ilipoanza na yenye kulainika kadiri ilivyopanda, na chini yake ngoma iliyokuwa ikipasuka kwa kasi kama mvua ya masika juu ya mabati. Kwa muda mfupi, nikiwa bado kati ya usingizi na macho, niliamini kwamba niko kwetu Pemba na kwamba jirani anaozesha. Kisha nikasikia dirishani lugha nisiyoijua, nikakumbuka nilipo.

Ala ile si zumari la kwetu, ingawa ni ndugu yake. Huitwa nadaswaramu, ina urefu unaokaribia mita moja, hupulizwa kwa kinywa cha matete, na mwisho wake hufunguka kama ua. Ngoma inayofuatana nayo huitwa tavili, na mpigaji wake huvaa vikofia vigumu kwenye vidole vya mkono mmoja ilhali mkono wa pili hushika kijiti kinene. Ala hizi mbili hazihitaji kipaza sauti. Kazi yake hekaluni ni kumwamsha mungu alfajiri, kumsindikiza anapotolewa nje, na kumlaza usiku.

Sikwenda India kwa ajili ya muziki. Nilikwenda kusoma shahada ya uzamili katika chuo kikuu kilicho nje kidogo ya mji, na fidla yangu niliibeba kwa kuwa sijawahi kusafiri bila hiyo. Nilikuwa nimepiga fidla katika kikundi cha taarabu Unguja kwa miaka tisa, nikizijua bashrafu nyingi, zile nyimbo za ala tupu zisizo na maneno, kwa moyo, nikitunzwa kwenye harusi, na nilijihesabu kuwa mtu aliyekwisha kujifunza. Miaka miwili niliyoishi katika mji ule ilinirudisha darasa la kwanza. Vijana ninaowafundisha sasa huniuliza nilipata nini huko, nami sijawahi kuweza kuwajibu kwa sentensi moja, ndiyo maana nimekaa kuandika.

Thiruvarur upo katika delta ya mto Kaveri, mashariki mwa jimbo la Tamil Nadu, kwenye ardhi tambarare ya mpunga na mifereji ambako mtu aliyekulia visiwani hushangaa kuona maji mengi namna ile yasiyo na chumvi. Katikati ya mji lipo hekalu la Shiva, ambaye pale huabudiwa kwa jina la Thyagaraja, na upande wake wa magharibi lipo bwawa la mawe liitwalo Kamalalayam, kubwa kiasi kwamba mtu aliyesimama ukingo mmoja hawezi kutambua sura ya mtu aliye ukingo wa pili. Wenyeji wana msemo wa kale kwamba hekalu ni veli tano, bwawa ni veli tano, na mfereji nao ni veli tano, na veli moja ni zaidi ya ekari sita. Majengo yamewekwa na vizazi vingi. Ndani ya uwanja huohuo lipo hekalu dogo la Achaleswara ambalo malkia Sembiyan Mahadevi wa ukoo wa Chola alilijenga kwa mawe katika karne ya 10, lakini nyimbo za Kitamil zinazousifu mji huu ni za karne ya 7 na ya 8, maana yake watu walikuwa wakipaimba mahali hapa kabla ya mawe mengi tunayoyaona leo kupangwa. Sanamu ya Thyagaraja yenyewe hufunikwa kwa nguo na maua, ukaonekana uso tu, na miguu yake hufunuliwa kwa waumini mara mbili kwa mwaka. Imani yao ni kwamba mungu huyu anacheza ngoma isiyo na sauti, inayofuata kuingia na kutoka kwa pumzi.

Miguu hiyo sikuiona, wala uso. Mimi ni Muislamu, na katika mahekalu mengi ya kule asiye Mhindu huishia kwenye mlingoti wa bendera, ule mti mrefu uliovikwa shaba unaosimama mbele ya mlango wa ndani. Siku ya kwanza nilipofika hapo na kugeuka, mama mwenye nyumba, ambaye sote tulimwita Amma, aliniona nimekunja uso. Alikuwa mjane wa makamo aliyechora kolamu mlangoni kwake kila alfajiri kwa unga wa mchele, mistari iliyozunguka nukta bila kukatika, na alikuwa akiniita thambi, yaani mdogo wake wa kiume. Hakunipa pole. Alinishika mkono, akanipeleka kwenye nguzo moja ya ua wa nje, akaniambia nikae pale jioni na si asubuhi, kwa sababu ibada ya jioni ndiyo iliyo kubwa Thiruvarur, na kwa sababu pale sauti hutoka vizuri. Watu wa mji wanaamini kwamba jioni miungu wote hukusanyika katika hekalu lao. Nguzo ile ikawa kiti changu kwa miaka miwili.

Nilipokaa siku nyingi nilianza kuona kwamba hakuna sauti pale inayotokea kwa bahati. Kengele ina wakati wake, nadaswaramu ina wakati wake, na kuna ngoma ya shaba yenye nyuso tano, panchamukha, umbo la chungu kikubwa lenye midomo mitano iliyowambwa ngozi, ambayo familia za wapigaji wake zimerithishana. Wanaobeba moto wa kafuri wanajua watapita lini, na anayepiga tavili anajua ataacha lini ili mwimbaji wa nyimbo za kale aanze. Mwimbaji huyo huitwa odhuvar. Kazi yake ni kuimba Tevaram, nyimbo za Kitamil za watakatifu watatu, Sambandar, Appar na Sundarar, na huimba bila madaha, mkono umetulia, macho yakiangalia mlango. Mara nyingi alikuwa akiimbia watu wanane au kumi, baadhi yao wakizungumza na simu. Hakuinua sauti ili asikilizwe. Mimi niliyezoea kumtazama mwenye harusi usoni ili nijue kama nyimbo imempendeza, nilipata tabu kuelewa mtu anayeimba hivyo jioni baada ya jioni.

Baadaye nilikwenda Thanjavur, na pale nilianza kuelewa. Hekalu kuu la huko lilikamilishwa na mfalme Rajaraja wa Kwanza mwaka 1010, na kwenye kuta zake yamechongwa maandishi yanayotaja waajiriwa wa hekalu: waimbaji 48 wa nyimbo hizihizi pamoja na wapiga ngoma wawili wa kuwafuatisha, na wanawake wachezaji 400 walioletwa kutoka mahekalu mbalimbali ya nchi, Thiruvarur ukiwa miongoni mwa miji hiyo. Kila mwanamke ametajwa kwa jina lake, na mahali alipotoka, na nyumba aliyopewa. Niliwekea kiganja ukuta ule nikafikiri juu ya odhuvar wangu wa jioni na watu wake wanane. Nafasi aliyokuwa amesimama ilikuwa na umri wa miaka elfu, na ilikuwa juu yake kuishika jioni hiyo tu.

Jambo jingine la Thiruvarur lililonigusa ni habari za Sundarar. Inasimuliwa kwamba alipofika hekaluni aliwapita waja wa Mungu waliokusanyika katika ukumbi wa nguzo, kisha akatunga wimbo wa kujiweka chini yao, akisema kwa kila mmoja kwamba yeye ni mtumwa wa mja fulani na fulani. Wimbo huo ndio uliokuwa mwanzo wa orodha ya watakatifu 63 wa Shiva. Ukiichunguza orodha unakuta wafalme na makuhani, lakini unakuta pia mfinyanzi, mwindaji, mchungaji aliyepiga filimbi, mpiga kinubi wa tabaka lililotengwa, na mvuvi wa Nagapattinam, pwani ya karibu kabisa, ambaye kila siku alimrudishia Mungu baharini samaki wake bora. Mimi ni mtoto wa mvuvi. Sikutegemea kumkuta mvuvi humo.

Mwalimu wangu wa fidla nilielekezwa na Amma. Alikuwa mama wa umri wa miaka sabini na kitu aliyeishi peke yake karibu na bwawa, na wanafunzi wake wote walimwita Mami, nami nikamwita hivyo. Fidla imeingia katika muziki wa Karnatiki, ule muziki wa jadi wa India ya kusini, miaka mia mbili hivi iliyopita, na husemwa kwamba miongoni mwa wa kwanza kuichukua alikuwa Baluswami Dikshitar, mtoto wa familia ya muziki ya Thiruvarur, aliyejifunza kwa Mzungu huko Madras. Waliipokea ala, hawakupokea namna ya kuishika. Mpigaji huketi chini amekunja miguu, akaweka kichwa cha fidla juu ya kifundo cha mguu wa kulia na kitako chake kifuani, ili mkono wa kushoto uwe huru kuteleza juu ya nyuzi bila kubeba uzito wowote. Nilidhani nitaanza kwa hilo. Mami aliichukua fidla yangu, akaitazama vizuri, akaifunga ndani ya sanduku lake na kuiweka juu ya kabati.

Kwa wiki sita niliimba. Alikuwa na kisanduku cha umeme kinachotoa sauti ya msingi bila kukoma, akakiwasha, akaniambia niingie ndani ya sauti ile na nisitoke. Kisha zikaja ngazi za mwanzo, sa, ri, ga, ma, pa, dha, ni, kwa mwendo wa polepole, halafu mara mbili ya huo, halafu mara nne, huku mkono ukihesabu tala, yaani mzunguko wa mapigo, juu ya paja: kofi moja, vidole vitatu kuanzia kile kidogo, kisha kofi na kugeuza kiganja, kofi na kugeuza kiganja, jumla mapigo manane. Raga, yaani mpangilio wa sauti, ya wanaoanza huitwa Mayamalavagaula, na nilipoisikia mara ya kwanza nusura nicheke kwa furaha, kwa sababu ngazi yake ni ileile ya makamu ya Kiarabu ya hijazi kar ninayoijua tangu utotoni. Nikamwambia Mami kwamba hii ninayo. Akaniomba nimwimbie. Nikaimba kwa mapambo yetu yote, nikaipandisha na kuishusha, nikaipinda panapopindwa. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema ni nzuri sana, kisha akarudia sa, ri, ga, ma kama vile sikuimba kitu, akaningoja.

Siku ile niliona amenidharau. Ilinichukua miezi kutambua kwamba nilikuwa nimempa nilichokuwa nacho badala ya kusikia alichokuwa akinipa. Ngazi mbili zinaweza kuwa na sauti saba zilezile na zikawa ni vitu viwili, kwa sababu raga haiko kwenye sauti zenyewe bali kwenye njia baina yake: sauti ipi unaifikia kwa kuitikisa, ipi unaigusa na kuondoka, ipi huruhusiwi kukalia. Hayo hayaandikwi vizuri. Niliomba daftari la nota, akanipa, lakini aliniambia kwamba daftari litanikumbusha tu nilichokwisha kukisikia.

Kosa langu kubwa nililifanya mwishoni mwa mwaka wa kwanza. Wanafunzi wa kigeni tuliombwa tuonyeshe kitu katika hafla ya chuo, nami nikaamua kupiga Vatapi Ganapatim, wimbo wa Muthuswami Dikshitar ambao hufungua maonyesho mengi ya muziki wa kule, na ambao wenyeji wengi huuhusisha na sanamu ya Ganesha iliyomo katika hekalu la Thiruvarur. Mami hakuwa amenifikisha huko. Niliuchukua kwenye simu, nikausikiliza usiku kucha, nikautia vidoleni kwa siku nne. Raga yake ni Hamsadhwani, yenye sauti tano tu, nyepesi kukaa kichwani, na inasemekana ilibuniwa na Ramaswami Dikshitar, baba yake Muthuswami. Nilipiga, nikaongeza mtetemo wa kitaarabu mwisho wa kila mstari, ukumbi ukapiga makofi. Nilipoinua macho nikamwona Mami amekaa safu ya nyuma, ameletwa na Amma.

Kesho yake hakunigombeza. Aliniomba nimwimbie mstari wa kwanza, maneno yake, huku nikihesabu tala. Sikuweza. Vidole vilikuwa vikiujua wimbo lakini mimi sikuujua: sikujua neno la kwanza linaangukia pigo lipi, sikujua maana yake, sikujua kwamba mstari ule hurudiwa mara nyingi na kila mara huongezwa kitu kidogo, kama mtu anayejenga ukuta, ili msikilizaji aone unavyopanda. Mimi nilikuwa nimechukua ule wa juu kabisa nikaurudia mara zote. Aliniambia jambo moja tu, kwamba mtoto alitunga wimbo huu ndani ya raga ya baba yake na akaacha nafasi ya kila atakayekuja baadaye kuweka tofali lake, lakini huweki tofali hewani. Tuliurudia wimbo ule kwa miezi mitatu.

Nyumba alizozaliwa watunzi watatu wakubwa wa muziki huu zimehifadhiwa palepale mjini kama kumbukumbu, na nilizizuru mara nyingi. Ni ajabu ambayo sijaizoea mpaka leo: Syama Sastri alizaliwa Thiruvarur mwaka 1762, Tyagaraja mwaka 1767, na Muthuswami Dikshitar katika muongo uliofuata, wote watatu katika mitaa unayoweza kuizunguka kwa miguu kabla chai haijapoa. Hawakufanana. Tyagaraja, aliyepewa jina la mungu wa mji, aliishi Thiruvaiyaru na kutunga kwa Kitelugu, akimwomba na kumlalamikia Rama kama mtu anayezungumza na mwenye nyumba wake. Syama Sastri alikuwa kuhani wa mungu mke Kamakshi huko Thanjavur, akatunga nyimbo chache zenye mapigo magumu. Dikshitar alisafiri mahekalu mengi na kutunga kwa Kisanskriti, taratibu, na mzunguko wa nyimbo aliomtungia Kamalamba, mungu mke mwenye hekalu lake ndani ya uwanja wa Thiruvarur, ndio niliousikia usiku mmoja mbele ya hekalu hilo nikashindwa kurudi nyumbani mpaka usiku wa manane.

Nilichompendea Dikshitar zaidi ni wanafunzi wake. Alikuwa Brahmini, wa tabaka la juu, lakini miongoni mwa aliowafundisha walikuwemo Tambiappan, mpiga ngoma wa hekalu la Thiruvarur, na Kamalam, mchezaji wa hekalu hilohilo. Inasimuliwa kwamba Tambiappan alipougua tumbo, mwalimu wake alimtungia wimbo wa kuiomba sayari ya Mshtarii, naye akauimba hadi akapona, na wimbo huo ukawa mmoja wa nyimbo zake za sayari tisa zinazoimbwa mpaka leo. Kwa hiyo wimbo unaoimbwa katika kumbi za heshima ulianza kama dawa ya mwanafunzi mgonjwa. Mami alinisimulia haya akiwa anamenya vitunguu, nami nikaacha kuhesabu tala.

Katika mwezi wa Panguni, baina ya Machi na Aprili, huja sikukuu ya gari kuu. Kitamil kina msemo kwamba uzuri wa gari ni wa Thiruvarur, na anayeliona hana la kubisha: likishapambwa kwa mianzi, vitambaa na farasi wa mbao mbele yake, lina urefu wa futi 96 kwenda juu na uzito unaokadiriwa kufikia tani 300. Mwaka wangu wa pili nilishika kamba. Kamba hazina mpaka wa mlingoti; kila aliyefika alishika, wanaume kwa wanawake, na aliyekuwa mbele yangu alikuwa muuza nazi niliyemfahamu sokoni. Ukasikika mwito, „Arura! Thyagesa!”, tukavuta, na kitu kisichowezekana kikasogea.

Lakini macho yangu yaliishia kwenye magurudumu. Gari lile sasa lina magurudumu ya chuma na breki za haidroliki, na bado linaongozwa na watu wanaotembea kando ya magurudumu wakiwa na kabari kubwa za mbao, wakizitupia chini ya gurudumu kwa mshazari ili kulizuia au kuligeuza kwenye kona za mitaa minne inayolizunguka hekalu. Mtu huyo hana budi kuinama karibu na tani zile zote, aweke kabari wakati wake, aruke. Wavutaji wako maelfu na wanapiga kelele. Wao wako wachache na hawasemi. Usiku nilimsimulia Mami. Aliniuliza kama nimesikia mlio wa kabari inapobanwa. Nikamwambia nimeona tu. Akasema mwaka mwingine nisikilize.

Mwezi wa Januari kabla ya hapo Mami alikuwa amenipeleka Thiruvaiyaru, kilomita 13 kutoka Thanjavur, kwenye kumbukumbu ya kifo cha Tyagaraja aliyefariki mwaka 1847. Kaburi lake liko kando ya mto Kaveri. Asubuhi ya siku ile mamia ya wanamuziki, wenye majina na wasio na majina, huketi chini kwa safu na kuimba pamoja nyimbo zake tano kubwa, katika raga tano, zote kwa mapigo manane. Hakuna jukwaa lenye fundi mmoja. Nilikuwa na fidla mguuni, nikapiga nilichokijua na kunyamaza nisipokijua, na kwa mara ya kwanza kunyamaza hakukunitia haya.

Baada ya nyimbo Mami alinionyesha sanamu ya mwanamke aliyeketi akilielekea kaburi. Ni Bangalore Nagarathnamma, aliyezaliwa mwaka 1878 na kufariki mwaka 1952, mwimbaji wa ukoo wa wanawake wa mahekalu, wale waliokuwa wakiitwa devadasi na ambao jamii ya wakati ule ilikuwa imeanza kuwaona kuwa aibu. Alipopata habari kwamba kaburi la Tyagaraja limetelekezwa alitoa mali yake, ikanunuliwa ardhi, akalijengea hekalu katika miaka ya 1920. Hata hivyo wanaume walioendesha kumbukumbu hawakuwaruhusu wanawake kuimba. Akawakusanya wanawake wakaimba kwao, mwaka baada ya mwaka, hadi makundi yakaunganishwa mwanzoni mwa miaka ya 1940. Mami alikuwa Brahmini kama wale wanaume. Aliniambia kwamba mama yake hangeruhusiwa kukaa mahali alipokaa yeye asubuhi ile, na kwamba aliyemfungulia mlango ni mwanamke ambaye watu wa ukoo wake Mami hawangekula naye. Alisema hivyo akitazama mto, na machozi yalimtoka wazi. Nilikumbuka majina 400 ukutani Thanjavur.

Siku nyingine za mapumziko nilikwenda Nagore, karibu na Nagapattinam, kwenye kaburi la walii Shahul Hamid, ambako mnara mrefu kuliko mingine ulijengwa katika karne ya 18 na Pratap Singh, mfalme Mhindu wa Thanjavur. Wahindu huenda pale kuweka nadhiri kama Waislamu. Amma alikuwa akinipa pesa za udi nimpelekee, naye akirudi kutoka hekaluni aliniletea asumini, ileile inayofungwa vikuba kwetu, akaitundika kwenye mlango wa chumba changu.

Jioni ya mwisho kabla ya kuondoka nilikwenda kumuaga Mami. Alikuwa ametandika mkeka mmoja zaidi. Akaniambia kwamba kwa miaka miwili amenisahihisha asijue nimetoka kwenye nini hasa, na sasa anataka nimpigie muziki wa kwetu, kama unavyopigwa kwetu. Nilitaka kuketi kwa namna yao, akanikataza, akaniletea kiti, nikaishika fidla bega kwa namna niliyoizoea. Nilimpigia bashrafu fupi ambayo baba mdogo wangu alinifundisha nikiwa na miaka kumi na minne. Fidla yake ilikuwa imelala pembeni yake na hakuigusa.

Nilipomaliza alisema, „Mstari wa kwanza tena, mwanangu.” Nikaurudia. Mkono wake ulikuwa ukitafuta mapigo pajani, unapotea, unaanza upya. „Tena.” Mara ya tano alifumba macho. Mara ya nane alizima kisanduku cha sauti ya msingi, akaniomba nimpe sauti ya msingi ya kwetu, nikampa, akaingia ndani yake polepole, na kwa sauti nyembamba ya mtu anayeanza akaimba mstari wa baba mdogo wangu, sa, ri, ga, ma, mpaka alipofika mahali asipokuwa na hakika. Akanyamaza, akaningoja.